Martin Johnson, Mpiga Sinema Aliyepeleka Simba wa Serengeti Marekani

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba nitoe habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, nadhani alitazamia nitamchagua mtawala fulani au mshairi. Sisi tunaoshinda maofisini, mikono yetu ikiwa imezoea madokezo na majalada, hatudhaniwi kuwa na habari za sinema. Hata hivyo nimemchagua mpiga sinema, tena Mmarekani, na sababu yake ilianzia katika bwalo la shule yetu wenyewe.

Wale tuliosoma pamoja mtakumbuka jioni moja ya Jumamosi, tukiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Jiografia alipoazima televisheni na kanda ya video ya wanyama wa Serengeti. Tulipanda juu ya meza za bwalo ili tuone vizuri, na walioketi nyuma waliona vichogo tu. Simba jike mmoja alitokea akitutazama usoni, karibu kabisa, hata manyoya ya masikio yake yakaonekana. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni daktari wa mifugo, akauliza ni nani aliyeshika kamera pale na kwa nini hakuliwa. Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka. Alisema kuwa swali lile lilikuwa bora kuliko jibu alilokuwa nalo, akatutuma maktaba tukalitafute. Sikwenda. Lakini swali lenyewe lilinikaa moyoni, na miaka kadhaa baadaye, nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikitafuta kitabu kingine kabisa, nikakuta jina la Martin Johnson.

Yeye hakuwa mtu wa kwanza kupiga sinema katika nchi zetu. Mwingereza Cherry Kearton alikwisha kupiga picha za sinema Kenya mwaka 1909, wakati Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda. Lakini aliyeifanya kazi hiyo kuwa kazi ya maisha, na kulifanya neno simba lisomwe na watu wa New York kwenye mabango ya majumba ya sinema, ni huyu Johnson akiwa pamoja na mkewe Osa.

Martin Elmer Johnson alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1884 huko Rockford, katika jimbo la Illinois, akakulia katika mji mdogo wa Independence, jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa sonara na muuza saa, na dukani mwake aliuza pia vifaa vya picha vya kampuni ya Kodak. Kijana akajifunza kupiga na kusafisha picha kabla hajajifunza jambo jingine lolote la maana. Shuleni hakuwa mfano mwema. Inasimuliwa kwamba alifukuzwa kwa kuunganisha picha za walimu wake ili waonekane wakikumbatiana. Wanafunzi mlioko madarasani naomba habari hii muisome kama historia tu.

Mwaka 1906 alisoma gazetini kwamba mwandishi mashuhuri Jack London alikuwa akijenga jahazi dogo liitwalo Snark, atembee nalo duniani, na kwamba alitaka mabaharia wachache. Johnson akamwandikia barua ndefu. Jack London akauliza kwa simu ya maandishi kama anajua kupika. Johnson alijibu kwamba anajua, kisha akaenda jikoni kwa mpishi mmoja ajifunze haraka kabla ya siku ya safari. Waliondoka San Francisco mwezi Aprili 1907, wakapita Hawaii, Tahiti, hadi visiwa vya Solomon, ambako maradhi yaliwashinda na safari ikavunjika. Huko visiwani ndiko alikowakuta wapiga sinema wa kampuni ya Kifaransa ya Pathé, akawasaidia kazi, akaonja ladha ya kamera inayotembea.

Aliporudi Kansas alifungua jumba dogo la kuonyeshea picha, akaliita Snark, akawa anasimama mbele ya watu kuwasimulia safari zake. Katika shughuli hizo alikutana na Osa Leighty wa mji wa jirani wa Chanute, binti wa miaka 16. Walioana mwezi Mei 1910. Kwa miaka kadhaa walizunguka Marekani wakitoa hotuba na picha, Osa akiimba nyimbo za visiwani, wakilala hoteli za bei rahisi na kukusanya senti za kununulia kamera.

Mwaka 1917 walikwenda kisiwa cha Malekula katika bahari ya Pasifiki, kwa watu walioitwa Big Nambas, ambao mtemi wao alikuwa Nagapate. Ulimwengu uliwajua kuwa ni wala watu. Mtemi aliwazuia, na kama mashua ya doria ya Waingereza isingeonekana ghubani pengine habari hii ingeishia hapo. Wakatoka mbio, lakini mikanda walitoka nayo, na filamu iliyotokana nayo ikawapa jina. Jambo ninalolipenda zaidi ni la mwaka 1919. Walirudi Malekula na mtambo wa kuonyeshea, wakatundika kitambaa usiku, wakamwonyesha Nagapate na watu wake sura zao wenyewe. Hebu fikirini: mtu aliyepigwa picha anaketi kuitazama picha yake kabla haijawa mali ya watu wengine tu. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana kwangu ndilo kiini cha habari yote.

Baada ya Pasifiki na Borneo, akina Johnson walifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Nairobi walikutana na Blayney Percival, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama ya Kenya, aliyewaeleza juu ya ziwa lililofichika ndani ya shimo la volkano huko kaskazini, mlima Marsabit. Aliyewaongoza hadi kulifikia ni Mwafrika, mfuatiliaji wa tembo, ambaye jina lake wao waliliandika Boculy. Yeye alisoma nyayo za tembo kama sisi tusomavyo maandishi. Wakaliita ziwa hilo Ziwa Paradiso. Filamu ya safari hiyo ilitoka mwaka 1923, na Johnson akaitumia kuombea fedha za safari kubwa zaidi.

Hapo ndipo mtu huyu alipoonyesha akili ya kweli. Watu wa siku zile walikuja Afrika kwa miezi michache, wakaua, wakapiga picha mizoga, wakaondoka. Johnson alitaka miaka. Aliliendea Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York likampa jina na baraka, akamwendea George Eastman, mwenye kampuni ileile ya Kodak ambayo baba yake alikuwa akiuza bidhaa zake, akapata fedha. Mwaka 1924 wakahamia Ziwa Paradiso, wakajenga kijiji kizima cha udongo na nyasi: nyumba za kulala, ghala, bustani ya mboga, na chumba cha giza cha kusafishia mikanda. Waliishi huko mpaka miaka ya 1926 na 1927.

Kazi ya kusafisha filamu nyikani si mchezo. Ndugu zangu mliosoma Kemia mnaelewa. Mkanda wa siku zile ulishika moto upesi, na joto lililainisha utando wake mpaka picha ikachuruzika. Maji yalipaswa yachujwe yawe safi na yatunzwe yawe baridi, vumbi lisiingie. Kwa hiyo alisafisha mikanda palepale, akiona kosa lake baada ya siku chache na si baada ya mwaka mmoja Marekani. Kwa kupiga picha alitumia kamera iliyobuniwa na Carl Akeley, mchonga sanamu za wanyama wa makumbusho yale yale, ambayo iligeuka juu ya miguu yake kwa wepesi ili kumfuata mnyama anayekimbia. Johnson alijenga vibanda vya miba kando ya visima vya maji, akakaa ndani siku nzima kuanzia alfajiri, huku jua likimkaanga, akingoja pundamilia mmoja akate shauri la kunywa. Usiku alitega nyuzi zilizounganishwa na taa za kumulika, simba akigusa uzi anajipiga picha mwenyewe. Siku nyingi zilipita bila hata futi moja ya mkanda wa kufaa. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka mwalimu wetu wa Jiografia, nikaona jibu la lile swali la bwaloni lilikuwa fupi: aliyeshika kamera hakuliwa kwa sababu alikaa sana na kwa utulivu mpaka simba wakamzoea.

Hasa huku kwetu Tanganyika ndiko alikojifunza jambo hilo. Nyanda za Serengeti, ambazo upande wake wa magharibi hufika karibu na ziwa letu, pale Ndabaka tunapopita kwa basi tukienda Musoma, wakati ule zilikuwa na simba wengi ajabu. Johnson alitambua kwamba simba hawaogopi gari. Hunusa mafuta na mpira, hawanusi mtu, wakaliona gari kuwa mnyama asiyefaa kuliwa wala kuogopwa. Alilala ndani ya gari katikati yao. Mara nyingine aliwawekea mzoga wa pundamilia ili wabaki mbele ya kamera, mtindo ambao leo wahifadhi wetu wasingeuruhusu hata kidogo. Msafiri yeyote anayekaa leo ndani ya gari Seronera akimtazama simba aliyelala kivulini hatua kumi tu kutoka kwake, anatumia elimu iliyopatikana katika miaka ile ya 1920.

Mwaka 1926 Eastman mwenyewe alikuja Afrika Mashariki, na Akeley alikuja na wasanii wa makumbusho. Akeley aliendelea hadi Kongo, akafa mwezi Novemba mwaka huohuo kwenye mlima Mikeno, akazikwa hukohuko. Katika safari hizo zilipigwa picha za mashujaa wa mikuki wa kabila la Kipsigis wakimzunguka simba na kumwua. Mkiiona sehemu hiyo mtashika pumzi.

Filamu ya Simba ilionyeshwa New York mwezi Januari 1928. Ni mwaka uleule ambao reli ilifika Mwanza. Wakati wazee wetu walipokuwa wakitazama garimoshi kwa mara ya kwanza likiteremka kati ya majabali, Wamarekani walikuwa wamejipanga foleni kuwatazama simba wa kwetu. Filamu ilipendwa mno na ikawatajirisha wenyewe. Sifa yake kubwa ni kwamba wanyama wake ni wa kweli, nyika ni ya kweli na subira ni ya kweli. Lakini mimi, niliyezoea kukagua hesabu na kulinganisha stakabadhi, sina budi kutaja na upande wa pili. Mapigano ya mikuki yaliungwa kutokana na mawindo zaidi ya moja na kamera zaidi ya moja, yakapachikwa yaonekane kama tukio moja. Osa anaonekana akimwangusha simba anayeshambulia, nao mfuatano huo umeshonwa kwa ustadi kama fundi nguo anavyoshona viraka. Na maneno yaliyoandikwa kati ya picha huwafanyia mzaha watu weusi, kana kwamba wamewekwa pale kuchekesha watazamaji baada ya simba kuwatisha.

Kosa hilo lilikua badala ya kupungua. Kati ya mwaka 1929 na 1931 walikuwa Kongo, safari hii wakilipiwa na kampuni ya sinema ya Fox, na wakiwa na mitambo ya kunasa sauti. Filamu ya Congorilla, iliyotoka mwaka 1932, ni miongoni mwa filamu za kwanza zenye sauti iliyonaswa Afrika penyewe. Ngoma, vicheko, maji ya mto, vyote vimo. Ingekuwa hazina kubwa. Lakini Johnson aliitumia sauti hiyo kufanyia dhihaka. Wambuti wa msitu wa Ituri, watu wanaoijua misitu kuliko chuo chochote, wanapewa sigara kubwa ili watazamaji wacheke wanavyokohoa, wanapewa maputo, wanachezeshwa muziki wa santuri. Nimeitazama sehemu hiyo mara mbili. Mara ya pili niliizima.

Huko Kongo waliwakamata pia magorila wawili wachanga, wakawapeleka Marekani. Waliamini kuwa ni dume na jike. Waliuzwa kwa bustani ya wanyama ya San Diego mwaka 1931 wakiitwa Mbongo na Ngagi, na ikaja kugundulika kwamba wote wawili ni madume. Mbongo alikufa mwaka 1942, Ngagi akamfuata mwaka 1944. Majina ya magorila hao mnaweza kuyakuta katika kitabu chochote kinachohusu bustani ile. Wapagazi waliobeba vizimba vyao kuteremka milima hawakuandikwa kwa majina namna hiyo, na jambo hili limenisumbua kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Huyo Boculy anajulikana kwa sababu Osa alipenda kumwandika. Wengine wako ndani ya picha, wanaonekana wazi, wamebeba masanduku ya mikanda ambayo bila wao yasingefika popote, na maelezo ya chini ya picha yanataja bunduki ni ya aina gani.

Nawaomba radhi wasomaji nikitoka nje ya njia kidogo. Sisi wa Mwanza tunayajua maumivu ya kupigwa picha na mtu mwingine. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu ya habari za sangara wa ziwa letu, ile ambayo mitaani iliitwa filamu ya Mapanki. Ikasifiwa Ulaya, ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliilaani, na maandamano yakafanyika mjini kuipinga. Mimi nilikuwa kijana niliyeanza kazi tu. Nyumbani kwetu Igogo mapanki hayakuwa habari ya sinema, tuliyaona yakianikwa, tukainusa harufu yake, na wapo waliotusomesha kwa kuyauza. Watu wa mtaani waligawanyika: wengine walisema mgeni ametutukana, wengine wakasema ameonyesha yaliyopo. Nilichokumbuka mimi ni kwamba wengi waliobishana walikuwa hawajaiona filamu yenyewe. Kitambaa hakikutundikwa Igogo kama Johnson alivyokitundika Malekula.

Nirudi kwa mtu wangu. Mwaka 1933 akina Johnson walileta Cape Town ndege mbili za Sikorsky zinazoweza kutua nchi kavu na majini, wakaruka nazo kuja kaskazini hadi Nairobi. Kubwa ilipakwa milia ya pundamilia ikaitwa Safina ya Osa, ndogo ikapakwa madoa ya twiga ikaitwa Roho ya Afrika. Mume na mke wote walijifunza urubani. Waliruka karibu na vilele vya Kilimanjaro na mlima Kenya na kupiga sinema kutoka hewani, na makundi ya wanyama wa nyikani yakaonekana kama mito inayotiririka. Katika jambo hili simdai kitu. Filamu ya Baboona ya mwaka 1935 ndiyo iliyotokana na safari hiyo, na kampuni moja ya ndege ya Marekani iliionyesha ndani ya ndege ikiwa angani.

Miaka ileile, bila makelele yoyote, mtu mwingine alikuwa akifanya kazi ya sinema milimani Usambara, mahali paitwapo Vugiri. Huyu ni Meja Notcutt, Mwingereza aliyekuwa meneja wa mashamba ya mkonge. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, yeye na wenzake walitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya minyoo ya safura, kodi, mbegu bora, benki ya posta, na hadithi pia. Waigizaji walikuwa wenyeji. Filamu zilipakiwa kwenye lori pamoja na mtambo, zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kwa lugha za watu wenyewe kikiwemo Kiswahili. Zilikuwa filamu za mkoloni, zikihubiri alichotaka mkoloni, na kwa uzuri wa picha haziwezi kushindana na za Johnson hata kidogo. Ila waliopigwa picha walikuwa ndio hao hao watazamaji. Ningekuwa na nafasi ningeandika juu ya Notcutt makala nyingine, mhariri akipenda.

Johnson alikwenda tena Borneo mwaka 1935 na 1936. Aliporudi alianza ziara ya hotuba. Tarehe 12 Januari 1937, wakitoka Salt Lake City, ndege ya abiria waliyopanda ilipotea katika mvua na ukungu, ikagonga mlima karibu na Burbank, California. Martin alifariki kesho yake, akiwa na umri wa miaka 52. Mtu aliyelala katikati ya simba miaka na miaka aliuawa na ndege ya ratiba ya kawaida. Osa aliumia vibaya lakini akaendelea na ziara ya hotuba akiwa katika kiti cha magurudumu. Baadaye mwaka huohuo wa 1937 alirudi Afrika Mashariki na kikosi cha kampuni ya Fox kupiga picha za filamu ya Stanley na Livingstone, iliyotoka mwaka 1939. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yao kilichouzwa mno, kikaandikwa kwa msaada wa mwandishi mwingine. Alifariki New York mwezi Januari 1953, akazikwa Chanute karibu na mumewe, na mji huo una jumba la makumbusho yao tangu mwaka 1961.

Alama zake zimebaki kwetu bila wengi kujua. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Miaka michache baadaye Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kuhesabu wanyama kutoka hewani, na ndege yao nayo ilikuwa imepakwa milia ya pundamilia. Michael alikufa ndani yake tarehe 10 Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar, nayo ikalifanya jina la Serengeti lijulikane katika kila nyumba ya Ulaya. Mtindo wa ndege, wa gari kusimama kati ya simba, na wa nyika isiyo na mtu isipokuwa mgeni mwenye kamera, chimbuko lake lilikuwa kwa Johnson. Hata ile kanda tuliyoitazama bwaloni ilikuwa mjukuu wake. Nikijaribu kukumbuka sasa, sikumbuki kumwona ndani yake mtu mmoja wa huku kwetu.

Mwaka jana wakati wa likizo yangu niliipata filamu ya Simba nikaiweka kwenye kompyuta, nikampelekea baba nyumbani Igogo. Baba alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini Mwanza kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa macho yake si mazuri, kwa hiyo nilimsogezea kiti karibu kabisa na kioo. Nilitaka aone simba. Simba walipita, tembo wakapita, naye akatazama kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha ukaja msafara wa wapagazi wakipanda kilima, masanduku vichwani. Hapo akainama mbele, akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Akaanza kuwahesabu kwa kidole, akakadiria uzito wa sanduku moja moja kwa namna shingo zilivyokaa, akanieleza ni yupi aliyekwisha kuzoea kazi na ni yupi aliyekuwa na siku chache. Wa nne kutoka mbele, alisema, mzigo wake ulifungwa vibaya, kamba imekaa upande mmoja, na jioni ile lazima bega la kushoto lilimwuma. Akaniuliza yule kijana anaitwa nani.